Sehemu ya 4: Usimtishe mtoto kwa sindano yangu

Mama zangu, leo naomba tusigombane.

Kila siku ya kliniki nasikia: "Nyamaza, la sivyo nesi atakuchoma sindano!" Mtoto ananiangalia kama ameona fisi. Dakika mbili baadaye ni zamu yake ya chanjo ya surua. Kweli jamani?

Zamani nilikuwa nacheka tu. Niliacha usiku mmoja nikiwa zamu wodi ya wazazi. Wodi imejaa, huyu anamwita mama yake, yule anamlaani mume. Mimi nakimbilia wenye kelele. Kitanda cha mwisho kuna dada amelala kimya kabisa, nikajua bado. Nilipomfikia, kichwa cha mtoto kinaonekana! Tukamaliza salama, namshukuru Mungu. Nikamuuliza, mdogo wangu, mbona hukuniita? Akasema, "Nyumbani ukilia ulikuwa unaongezewa."

Mtu mzima, anajifungua, na bado anaiogopa ile fimbo.

Wengine inawatokea kinyume. Uingereza walifuatilia watoto waliozaliwa wiki moja ya Machi 1958 hadi ukubwani. Walipofika miaka 45, waliofiwa na mama utotoni, waliolelewa kwenye vituo na waliokulia kwenye shida kubwa ya pesa walikuwa na uwezekano zaidi wa kuwa na maumivu sugu ya mwili mzima. Siyo wote, tuelewane. Na siyo kwamba wanadeka. Mtoto anayeishi kwa hofu, mwili wake unazoea kukaa macho, kama mlinzi aliyewahi kuibiwa: jani likianguka tu anapiga filimbi. Maumivu yake ni ya kweli kabisa, hata kipimo kisipoonyesha kitu.

Sasa umaskini hatuuondoi leo mimi na wewe, na simlaumu mama anayehangaika. Ila mdomo na mkono ni vyetu. Mtoto ameanguka mtini, kofi la kwanza linatoka kwa nani? Kwetu! Eti "nilikukataza." Kesho akivunjika mkono ataficha, na mimi nitaletewa siku ya tatu umevimba kama mhogo. (Nimeletewa, tena zaidi ya mmoja.)

Kwa hiyo ukija na mchanga wiki ya 6, ya 10 au ya 14, mpakate na mnyonyeshe wakati namchoma. Shirika la Afya Duniani lenyewe linashauri hivyo, kwa sababu inampunguzia maumivu. Nesi akikuambia mtoe kwanza, mwombe kwa upole akuache. Mkubwa kidogo usimdanganye kwamba haiumi. Akishaumia hatakuamini tena. Mwambie, "Itauma kidogo, mama nipo hapa." Akilia, alie. Wa kiume naye alie, hayo ya "mwanaume halii" ndiyo yanatuletea wanababa hospitali wakiwa wamechelewa.

Na kama wewe mwenyewe ndiye yule mtoto aliyekuwa anaongezewa, leo mgongo na kichwa haviishi, nenda ukapimwe vizuri. Halafu mweleze daktari na ulikolelewa pia, usione aibu.

Dada uliyeniandikia inbox kuhusu mwanao wa miaka 5 anayezimia akiona koti jeupe, nimekusoma. Wewe nakujibu sehemu ya 5.