Kabichi ya Mbulu Haina Haja ya Kupitia Arusha

Mgeni anayekwenda kupumzika mahali pa mbali huuliza kwanza habari za chakula. Je, nyanya zinapatikana? Maziwa ni mabichi au ya kopo? Swali hilo si la ulafi, na mahali pengine jawabu lake kweli halina uhakika. Aliyepanga nyumba katika kisiwa cha Chole au cha Juani, huko Mafia, hana shida ya samaki, lakini sehemu kubwa ya mboga hutoka bara. Chombo kikichelewa kutoka Nyamisati, au kusi ikivuma kwa nguvu, mama wa nyumbani wa Kilindoni hulitambua jambo hilo sokoni kabla ya mtu mwingine yeyote. Ndugu zetu wa visiwani wana udhuru wao: wamezungukwa na bahari.

Twauliza, Mbulu ina udhuru gani?

Mwandishi wa makala haya alikaa siku kumi, mwaka jana, katika nyumba ya kupangisha wageni iliyojengwa juu ya kilima, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka mjini Mbulu. Nyumba ilikuwa safi na mwenyeji wetu alikuwa mtu mkarimu sana. Tulipofika alitutuliza kwa maneno haya: “Mzee, msiwe na wasiwasi, gari la vyakula linakuja kutoka Arusha kila Alhamisi.” Alhamisi ikafika, mvua ikanyesha, na gari halikuonekana. Ijumaa pia halikuonekana. Tulikula wali na maharage makavu kwa siku mbili, na chai ya rangi, huku dirishani tukiyatazama mashamba ya kabichi, karoti na viazi yaliyoteremka mpaka mtoni.

Siku ya pili niliona aibu, nikateremka. Mama mmoja alikuwa akipalilia. Nilimwamkia, nikamwuliza kama anauza. Alinitazama kwa mshangao, akasema, “Baba, ninauza, lakini watu wa nyumba ile hawajawahi kuniuliza.” Niliondoka na kabichi mbili, mayai kumi na sita, na chupa ya maziwa yaliyokamuliwa asubuhi ile. Jumamosi gari lilipofika, lilishusha kreti ya kabichi zilizonyauka. Zilitoka katika soko la Arusha. Zilikolimwa hakuna aliyejua, na sitashangaa nikiambiwa kwamba zililimwa katika milima ile ile.

Wako watakaosema kwamba hiki ni kisa kidogo cha mtu mmoja mwenye njaa. Sivyo. Kabichi ile ni mfano wa jinsi tulivyozoea kuamini kwamba kitu hakifai mpaka kipite mjini kwanza.

Nchi hii ya Mbulu si nchi ya njaa. Wairaki wa Mama Isara, katika eneo la Kainam, wamejulikana kwa muda mrefu kwa kilimo cha bidii katika miteremko mikali: hufuga ng'ombe karibu na makazi, hupeleka samadi shambani, hutengeneza matuta na mifereji ili maji yasichukue udongo. Walikuwa wakifanya hivyo kabla ya bwana shamba wa kwanza wa kikoloni kufika na daftari lake. Leo kitunguu saumu cha Mbulu kinajulikana Kariakoo. Ukiteremka upande wa Ziwa Eyasi unakuta Mang'ola, ambako vitunguu maji hulimwa kwa umwagiliaji. Eneo hilo lilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbulu mpaka Karatu ilipopewa wilaya yake katika miaka ya 1990. Ziwa Basotu, huko Hanang, lina samaki. Mchele wa Magugu, katika wilaya jirani ya Babati, hauhitaji kusifiwa na mtu. Mtu anayeleta chakula kutoka mbali kwa ajili ya mgeni aliye katikati ya neema hii, anafanya kazi ya kubeba maji kuyapeleka mtoni.

Lakini haki itendeke kwa pande zote. Wenye nyumba za wageni na wenye hoteli si wapumbavu, na wengi wao si wenye dharau. Nilizungumza na mwenyeji wetu jambo hili kwa urefu. Kwanza, alisema, anataka uhakika. Leo mkulima ana karoti, kesho kutwa hana, kwa kuwa lori limepita usiku na kuzoa shamba zima. Pili, anatakiwa aweke risiti za manunuzi yake, risiti za mashine, na mama mwenye bustani hana mashine wala hatakuwa nayo. Tatu, mnada. Minada yetu, ya Dongobesh, ya Haydom na mingineyo, ni mahali pazuri: utapata mbuzi, nyanya, masufuria na viatu vya mitumba katika uwanja mmoja. Lakini mnada una siku zake. Mgeni aliyefika siku moja baada ya mnada atakuta uwanja mtupu na mbwa wawili wakitafuta mifupa, na huwezi kumwambia avumilie mpaka mnada ujao.

Mkulima naye ana yake. Anasema hoteli nyingi hulipa baada ya mwezi mmoja au miwili, naye ada ya mtoto haingoji. Mlanguzi wa lori hulipa papo hapo. Analipa kidogo, tena anashindilia gunia mpaka linaota kichwa, ile rumbesa ambayo sheria ya vipimo inaikataza na ambayo bado tunaiona barabarani mchana kweupe. Hata hivyo fedha yake inaonekana. Mkulima akichagua fedha kidogo ya leo badala ya ahadi kubwa ya baada ya miezi miwili, nani atamlaumu?

Hapo ndipo ushirika ulipotakiwa uwepo. Tunakumbuka kwamba vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na ilibidi vifufuliwe kwa sheria ya mwaka 1982, baada ya wakulima kuonja miaka ya kutokuwa na chombo chao wenyewe. Hata vilipofufuliwa, fikra zilibaki katika mazao makubwa: kahawa, pamba, korosho, tumbaku. Kabichi haikuhesabiwa kuwa zao, ilihesabiwa kuwa kitoweo. Azimio la Siasa ni Kilimo lilipotolewa Iringa mwaka 1972 lilituhimiza tulime, na tulilima. Kuuza mboga mbichi, inayooza katika siku tatu, kuliachwa kuwa shauri la mtu na bahati yake.

Na tusidhani kwamba soko la mbali ndilo lenye usalama. Mwaka 2017 India iliweka mipaka ya kiasi cha mbaazi itakachonunua kutoka nje, na bei ya mbaazi ikaanguka hapa kwetu, pamoja na mkoa huu wa Manyara, hata wengine wakaacha mazao shambani. Kitunguu saumu nacho kinashindana na cha China, nchi inayolima takribani robo tatu ya kitunguu saumu chote cha dunia. Sisemi tuache kuuza nje. Nasema kwamba Karatu, mji wanaopitia watalii wa Ngorongoro, wenye hoteli na kambi nyingi, uko kama kilometa 80 tu kutoka Mbulu mjini, na kila asubuhi wapishi wa huko wanahitaji mayai, maziwa, majani ya saladi na viazi. Soko hilo haliko ng'ambo ya bahari yoyote.

Kinachotakiwa hakihitaji mfadhili. Chama cha msingi cha ushirika katika kata kinaweza kuwa na mashine moja ya risiti kwa niaba ya wanachama wote. Kinaweza kumlipa mama siku ile ile anapoleta kikapu chake, kisha chenyewe kikaidai hoteli, maana chama kina nguvu ya kudai ambayo mtu mmoja hana. Kinaweza kupanga zamu za kupanda, ili karoti za wote zisiive wiki moja. Mzani uwe mmoja, wa kilo, uliopimwa na wakala wa vipimo, na gunia lisiwe kipimo cha kitu chochote.

Halmashauri nayo isikwepe. Mboga inayopakiwa saa kumi alfajiri haiwezi kushinda na kulala kwenye tope. Barabara ya kutoka Karatu hadi Mbulu na kuendelea hadi Haydom imezungumzwa kwa miaka mingi kama barabara ya kuunganisha mikoa, na ni kweli. Lakini zipo pia zile njia ndogo za vijijini, ambazo hazimo katika hotuba yoyote na ambazo zinataka karavati mbili tatu na mtaro uliozibuliwa kabla ya masika. Bila hizo, hata lami ikifika mjini, kabichi itabaki mlimani ikingoja lori la mtu anayejua kwamba mkulima hana njia nyingine.

Kabla ya kuondoka nilimpeleka mwenyeji wetu kwa yule mama. Walikuwa majirani kwa miaka minne bila kufanya biashara ya hata yai moja. Walikubaliana juu ya maziwa lita tatu kila siku na mboga mara mbili kwa wiki, fedha taslimu. Juu ya risiti hawakupata ufumbuzi. Mwenyeji alisema ataandika katika daftari na mama ataweka dole gumba, kisha akaniuliza kama mtu wa kodi atalikubali daftari hilo. Sikuwa na jibu la kumpa, na swali lake nalipeleka kwa wahusika.