MKUBWA NAYE ATOE HESABU



Wahenga walisema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Katika nchi yetu msumeno huu umezoea kukata upande mmoja. Sisi wakazi wa Isiolo tunalijua jambo hilo bila kufundishwa. Sheria za hali ya hatari zilizowekwa katika maeneo ya Kaskazini baada ya uhuru zilidumu hadi mwaka 1991, na muda wote huo mfugaji alisimamishwa njiani atoe hesabu ya nafsi yake, ilhali aliyemsimamisha hakutoa hesabu kwa mtu. Leo nataka kuzungumzia hesabu ya namna nyingine, ambayo wengi wetu hatujaihusisha na mageuzi: hesabu ya umeme unaotumiwa na makampuni na taasisi kubwa.

Mtazameni mjane wa Bulla Pesa. Yeye hununua tokeni kabla ya kutumia umeme. Tokeni ikiisha, taa huzimika papo hapo. Hapewi ilani wala hasikilizwi utetezi. Kwa mnyonge, sheria hujitekeleza yenyewe kupitia mita iliyo ukutani. Je, kwa mwenye nguvu hutekelezwa na nani?

Si kwamba sheria haikuandikwa. Mwaka 2012, chini ya Sheria ya Kawi ya 2006, zilitangazwa Kanuni za Usimamizi wa Kawi. Kanuni hizo ziliagiza kwamba kiwanda, jengo au taasisi itumiayo kilowati-saa 180,000 au zaidi kwa mwaka ikaguliwe na mkaguzi wa kawi mwenye leseni angalau mara moja kila miaka 3. Iwe na sera ya kawi na afisa wa kuisimamia. Na katika muda huo itekeleze angalau nusu ya akiba ambayo mkaguzi ameonyesha kuwa inawezekana. Bunge lilipoandika upya Sheria ya Kawi mwaka 2019, lilihifadhi jukumu la matumizi bora ya kawi na kuunda Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA.

Hebu tulinganishe. Umoja wa Ulaya uliagiza mwaka 2012 kwamba makampuni makubwa yakaguliwe angalau kila miaka 4, na Uingereza ikatunga kanuni zake mwaka 2014. Lakini kanuni hizo za Uingereza hazikumlazimisha mwenye kampuni kutekeleza alichoshauriwa. Zilimtaka akaguliwe tu. Kwa maandishi, basi, sisi tuliwatangulia. Upungufu wetu haumo katika karatasi.

Nasi tuliopigania mageuzi tunaijua tofauti kati ya karatasi na haki. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, na vyama vingi vikaruhusiwa. Hata hivyo, hadi mwaka 1997 tulihitaji leseni ya serikali ili kukutana hadharani na kusema tuliyoruhusiwa kuyasema. Sheria isiyo na mlinzi ni ahadi ya mwanasiasa.

Wapo watakaouliza: hesabu hii ya makampuni inamhusu nini mtu wa kawaida? Inamhusu mfukoni. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutoka katika mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Lakini jioni, mahitaji ya nchi yanapopanda, mitambo ya mafuta huwashwa, na bei ya mafuta hayo hugawanywa juu ya kila yuniti inayouzwa. Mwaka 2025 mahitaji ya kilele yalivuka megawati 2,300. Mota iliyo kubwa kupita kazi yake, bomba la mvuke lisilofunikwa, mlango wa chumba cha baridi usiofunga sawasawa, pampu inayozunguka bila kazi: haya yote huongeza mzigo wa saa hizo. Mwenye mali hulipa sehemu yake, naye huiongeza katika bei ya bidhaa. Mjane hulipa mara mbili: dukani na katika tokeni.

Wengine watasema: Isiolo ina viwanda gani vya kukaguliwa? Kilowati-saa 180,000 kwa mwaka ni yuniti 15,000 kwa mwezi, karibu 500 kwa siku. Tangu Aprili 2023, bei ya chini kabisa ya umeme wa nyumbani imewekewa mpaka wa yuniti 30 kwa mwezi. Kwa hiyo taasisi moja iliyofika kiwango cha kanuni hutumia umeme wa nyumba 500 za namna hiyo. Hospitali kubwa, hoteli, kambi, mitambo ya kusukuma maji, kichinjio chenye vyumba vya baridi: hivi vyote vinaweza kufika hapo. Mji wetu umeambiwa kwa miaka mingi kwamba utakuwa kituo cha ushoroba wa Lamu hadi Sudan Kusini na Ethiopia. Ikiwa viwanda hivyo vinakuja, na vije vikute desturi ya kutoa hesabu imekwisha kusimama, kwani ni vigumu kumfunga ng'ombe kamba akiwa amekwisha kuvunja zizi.

Yupo pia asemaye kwamba ukaguzi utamfukuza mwekezaji. Hoja hii siidharau, maana vijana wetu wanahitaji kazi, na ukaguzi una gharama. Lakini lengo la ukaguzi ni kuonyesha fedha zinazovuja. Chama cha Watengenezaji Bidhaa cha Kenya chenyewe, kwa ushirikiano na serikali, kina kituo cha kuhimiza matumizi bora ya kawi tangu mwaka 2006. Wenye viwanda wasingejisumbua kama faida haikuwapo. Anayestahili kuogopa ni yule ambaye hasara yake hulipwa na wengine.

Wala serikali na mashirika yake wasijifiche nyuma ya makampuni. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24, zaidi ya asilimia 23 ya umeme ulionunuliwa na Kenya Power ulipotea kabla ya kuuzwa, kwa udhaifu wa mitambo na nyaya na kwa wizi. Sehemu ya hasara ya aina hiyo huruhusiwa kuingia katika bei tunayolipa. Anayetudai uaminifu wa kila senti hana budi kujidai mwenyewe kwanza.

Kwa hiyo tunadai mambo manne.

Kwanza, EPRA itangaze hadharani orodha ya taasisi zote zinazowajibika kukaguliwa, na ionyeshe ipi imekaguliwa na ipi haijakaguliwa. Hatutaki siri za biashara za mtu. Twataka kujua nani ametii sheria.

Pili, Kaunti ya Isiolo ianze na majengo na pampu zake yenyewe. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti sehemu ya udhibiti wa kawi, na Sheria ya 2019 inaitaka kila kaunti kuwa na mpango wake wa kawi. Mpango huo usomwe mbele ya wananchi wa Merti, Garbatulla na Oldonyiro, si katika ukumbi wa hoteli pekee.

Tatu, wananchi tutumie Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Andikeni barua kwa ofisi ya umma. Inatakiwa kujibu katika muda wa siku 21. Ikikataa, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua ya parokia moja ni rahisi kuipuuza. Barua za parokia ishirini si rahisi.

Nne, makanisa yenye hospitali, vyuo na shule kubwa yajikague bila kusubiri kuitwa. Hatuwezi kumdai Kaisari hesabu huku vitabu vyetu vimefungwa.

Katika Injili ya Luka, tajiri alimwita wakili wake atoe hesabu ya uwakili wake, kwa kuwa alishitakiwa kutapanya mali isiyokuwa yake. Ndugu zetu Waislamu huliita jambo hili amana, na maana ni ile ile. Mvuke wa Olkaria, maji ya Tana na upepo wa Marsabit si mali ya kampuni wala ya waziri. Tumekabidhiwa sote, na kila aliyechukua fungu kubwa ndiye wa kwanza kuulizwa. Mjane wa Bulla Pesa amekwisha kutoa hesabu yake, tena kabla ya kuwasha taa. Sasa na mkubwa aitwe.