STAA KAPIGA PICHA BARCELONA, CHAKULA KIKO DÉNIA

KUNA staa mmoja wa kike hapa mjini, jina kapuni, wiki hii kawatoa watu udenda mitandaoni. Kavaa gauni jeupe, kaketi La Rambla, Barcelona, mbele yake sahani ya paella ya manjano inayong'aa kama imepakwa rangi, pembeni glasi kubwa ya sangria. Saa nne usiku. Chini ya picha kaandika kwamba hiyo ndiyo ladha halisi ya Hispania. Mashabiki wakamwaga makopa, wengine wakaanza kupanga safari.

Sasa ukweli usemwe, hata kama mapovu yatawatoka watu. Dada wa watu kaenda mjini, kaingizwa mjini. Kibaya zaidi, anawaingiza na wenzake.

Kwanza, paella si ya Barcelona. Asili yake ni mashamba yanayozunguka Valencia, karibu na ziwa la Albufera linakolimwa mpunga, na ile ya kwao hupikwa kwa kuku, sungura na maharage. Pili, wenyewe huila mchana. Wali mzito saa nne usiku ni biashara ya wageni. Mgahawa wenye picha za chakula mlangoni na kijana anayevuta wateja kama mpigadebe wa stendi haumpikii mtu atakayerudi kesho. Unampikia mtu wa kupiga picha na kuondoka.

Si kwamba Barcelona hakuna wapishi. Wapo, tena wa kutisha. Ila wenyeji wenyewe wameshachoka. Julai 2024 waliandamana na baadhi yao wakawarushia watalii maji kwa bastola za kuchezea, wakilalamika kwamba utalii umepandisha kodi za nyumba. Mtu anasafiri bara zima kwenda kubanana mahali ambapo mwenye nyumba anamwagia maji!

Wakati huo huo, kama kilomita 100 kusini mwa Valencia kuna mji wa bandari unaoitwa Dénia. Mdogo, una ngome ya zamani juu ya kilima na mashua za uvuvi chini yake. Mwaka 2015 UNESCO waliuingiza kwenye orodha yao ya miji ya mapishi. Kuna mgahawa wenye nyota 3 za Michelin, na kuna vibanda ambavyo wavuvi wenyewe wanakula. Siku za kazi mashua hurudi jioni na samaki hupigwa mnada palepale bandarini.

Fahari ya mji ni kamba wekundu wanaovuliwa kwenye kina kirefu. Hawawekewi mbwembwe. Chumvi na moto kidogo, basi, halafu mtu anafyonza kichwa bila aibu. Kuna pweza aliyekaushwa juani kisha akachomwa, kitu ambacho mtoto wa Pwani akikionja atadhani yupo kwao. Kuna na wali unaoitwa arroz a banda, unaopikwa kwa supu ya samaki. Ulianza kama chakula cha wavuvi, waliochemsha samaki wasiouzika.

Undugu wenyewe ni wa zamani. Karne ya 11 Dénia ilikuwa makao ya ufalme wa Kiislamu, na Kiarabu kimeacha alama kwenye vyakula vya Hispania kama kilivyoacha kwetu. Sukari wao ni azúcar, zafarani ni azafrán, zeituni ni aceituna. Asiyekula nguruwe anapumua pia, maana huku bahari ndiyo inayolisha, ingawa kuuliza ni lazima. Nguruwe Hispania anajipenyeza hata kwenye sufuria ya maharage.

Kuna mtangazaji mmoja wa redio, naye jina kapuni, alikwenda huko na mumewe. Katupia picha moja tu: sahani ya maganda ya kamba, mikono imelowa mafuta. Watu wakamshukia. Kafulia huyo, mbona hatuoni mji, mbona kavaa kandambili. Yaani aliyekula akachekwa, aliyepiga picha akapigiwa makofi.

Hapo ndipo penye kesi. Staa akiharibu hela yake, ni yake. Lakini binti wa Sinza anayecheza mchezo kazini mwaka mzima hana hela ya kujaribia. Viza ya Schengen pekee ni euro 90, na ukinyimwa hairudishwi. Tiketi bado, kulala bado. Huyo akifuata picha, atarudi na picha. Tumbo litabaki na kumbukumbu ya wali uliopashwa moto.

Wapo watakaosema mji mdogo nao una mitego. Kweli. Kamba wekundu huuzwa kwa uzito na bei ni kali, kwa hiyo bei inaulizwa kabla ya kuagiza, siyo baada. Agosti mji unafurika, bora kwenda Oktoba au majira ya kuchipua. Mwenye bajeti ndogo aingie mchana wa siku ya kazi, kama saa nane, aagize menú del día: bei moja, sahani ya kwanza, ya pili, na mara nyingi mkate na kinywaji humo humo. Akijitokeza saa kumi na mbili jioni akitaka chakula cha usiku, atakuta jiko halijawashwa. Ndivyo wanavyoishi.

Hiyo ndiyo tofauti. Kule La Rambla, mgahawa umebadilisha saa zake na ladha yake ili mgeni asisumbuke. Dénia, mgeni ndiye anayebadilisha saa yake, na kwa usumbufu huo mdogo anakula anachokula mwenyeji.

Staa wa gauni jeupe tayari ametangaza safari nyingine, na makopa yameanza tena. Wadau, hivi kwenye zile picha zake zote, kuna hata moja ambayo ameonekana akitafuna?