Joto la paneli ni la nani?

Jua la utosi linapoipiga paneli ya sola ya mita mbili za mraba, paneli hiyo hupokea takriban wati 2,000. Umeme unaotoka ni kama wati 400. Mwanga kidogo huakisiwa. Sehemu kubwa iliyobaki hugeuka joto na kupeperuka na upepo. Kabla ya kupeperuka, joto hilo huharibu kazi: paneli ya silikoni ikipita nyuzi 25 za Selsiasi, kila nyuzi inayoongezeka huipunguzia nguvu kwa asilimia 0.3 hadi 0.4. Paneli iliyofika nyuzi 60 juu ya paa la bati Dodoma imekwisha kupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya umeme ulioandikwa kwenye kibandiko chake.

Mfumo mseto wa umeme na joto unalenga hapo hapo. Hewa au maji hupitishwa nyuma ya paneli, paneli ikapoa na joto likapata kazi. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, chini ya Karl Böer, kilijenga nyumba iliyoitwa Solar One, iliyopata umeme na joto kutoka paa moja. Zaidi ya miaka hamsini baadaye, mifumo hii ingali sehemu ndogo sana ya soko la sola.

Wengi hulaumu bei. Mimi naona kikwazo kikubwa zaidi kiko kwenye fizikia. Ili paneli ipoe, maji yanayopita nyuma yake sharti yawe ya baridi. Ili yafae kufulia mashuka ya hospitali, sharti yawe ya moto. Yakifikishwa nyuzi 60, paneli yenyewe imepita hapo na faida ya kuipoza imekwisha. Wapo watafiti wanaogawa mwanga, mawimbi mengine yaende kwenye seli na mengine yapashe kimiminika. Kazi hiyo ni ya thamani, ila vifaa vyake havijawa vya bei ya mnunuzi wa kawaida.

Kwa hiyo mwenye nyumba aliye na paa la kutosha simshauri anunue mfumo huu. Anunue paneli za kawaida na hita ya maji ya sola, aziweke sambamba. Fundi wa mtaani anazijua zote mbili, na bomba likivuja umeme haukatiki.

Lakini nyumba si mwisho wa hesabu. Ulaya, joto hili mara nyingi huunganishwa na pampu za joto ili kupasha nyumba wakati wa baridi. Sisi wa pwani na maziwa makuu tuna haja nyingine: joto la wastani, mchana, jua lenyewe likiwaka. Dagaa, mwani na karafuu huanikwa, na mvua ikinyesha huharibika au kuoza. Hewa iliyopashwa nyuma ya paneli inaweza kuvikausha ndani ya banda, na umeme wa paneli hiyo hiyo ukazungusha feni. Kiwanda cha maziwa nacho, kinachohitaji nyuzi 63 kwa dakika 30 ili kuua vijidudu, kinaweza kuipa paneli kazi ya kuyatoa maji nyuzi 22 hadi 38, kisha boila ikamalizia. Paneli inabaki na ubaridi wake, boila inapunguza kuni au mafuta.

Kenya ilianzia mahali sahihi mwaka 2012, kanuni zake zilipoyataka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yapate walau asilimia 60 ya mahitaji hayo kutoka kwenye jua. Zilihesabu kwanza haja ya mtumiaji.

Utafiti wetu ufuate njia hiyo. Ufanyike penye chumvi ya bahari, vumbi, na maji magumu yanayoziba mirija kwa chokaa, maana maabara ya Ulaya haitatujibia hayo. Na wanaogawa fedha za umma wamuulize kila mwombaji swali moja kabla ya kutazama asilimia za ufanisi: nani atalitumia joto hili, saa ngapi, na kwa nyuzi ngapi? Asiye na jibu asipewe fedha.