Mgonjwa Naye Asikizwe

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mjomba wangu alianguka mwembeni akavunjika uti wa mgongo. Tangu siku hiyo miguu yake haina habari. Kila Jumapili twamsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi kanisani.

Mpenzi msomaji, huko Marekani mwigizaji Christopher Reeve alianguka kutoka kwa farasi mwaka wa 1995, akapooza kuanzia shingoni. Mwaka wa 1998 wanasayansi wakafaulu kutoa seli shina katika viinitete vya binadamu. Seli hizi zaweza kugeuka kuwa za neva, moyo au damu. Wagonjwa wakapata tumaini. Lakini Kanisa Katoliki na Wakristo wengine wengi walipinga, kwani kiinitete huharibiwa. Mwaka wa 2001 Rais George W. Bush akabana pesa za serikali za utafiti huo. Reeve aliteta sana hadi akafariki mwaka wa 2004. Rais Obama alilegeza kamba mwaka wa 2009.

Siwadharau viongozi wa dini. Uhai ni kipawa cha Mungu, hilo sibishi. Lakini viinitete vingi vinavyobaki baada ya kuwasaidia wasiopata watoto hutupwa tu. Je, kutupa ni bora kuliko kutafuta tiba?

Najua hata leo dawa ya mjomba haijapatikana. Nilipomuuliza maoni yake alisema, "Mpwa wangu, sidai muujiza. Anayekataa aje kwanza akae kwenye kiti hiki siku moja."

Jamani, tuombe, lakini tusiwafungie watafiti mlango.