USIPUNGUZE ZABIBU KWENYE SKONZI, PANDISHA BEI

Leo naongea na wale wanaooka skonzi za zabibu nyumbani na kuuza kwenye stetasi na magrupu.

Kuna ushauri unazunguka sana: vitu vikipanda bei, punguza zabibu, mteja hatagundua. Mi napinga. Ukibanwa, pandisha bei na umwambie mteja ukweli. Zabibu ziache kama zilivyo.

Najua wengine mtasema natetea tumbo langu, maana kaduka kangu kanauza vifaa vya kuoka na zabibu kavu zimo. Sawa. Basi tuache maneno, tupige hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, wewe weka za kwenu.

Unga wa ngano nusu kilo: sh. 1,000
Sukari gramu 75: sh. 225
Hamira gramu 8: sh. 300
Siagi gramu 60: sh. 720
Yai 1: sh. 400
Maziwa robo lita: sh. 600
Chumvi na iliki: sh. 255
Zabibu kavu gramu 100: sh. 1,200
JUMLA: sh. 4,700

Ongeza gesi au mkaa sh. 800, mifuko 15 sh. 750, na mkono wako sh. 2,000. Ndiyo, mkono wako una bei. Inafika sh. 8,250. Donge lote lina kama gramu 1,050, ukikata gramu 70 unapata skonzi 15. Kila moja imekugharimu sh. 550. Ukiuza 700 unabaki na 150.

Sasa fuata ule ushauri, punguza zabibu nusu. Umeokoa sh. 600. Gawa kwa 15, ni sh. 40 kwa skonzi. Jina lako lote unaliuza kwa shilingi arobaini!

Na hapo bado. Ukitoa gramu 50 za zabibu, donge nalo limepungua gramu 50. Ukikata gramu 70 zilezile unapata skonzi 14, siyo 15. Umeokoa 600, umepoteza skonzi ya 700. Ukilazimisha zifike 15, zote zinakuwa ndogo, na mteja kapunjwa mara mbili: saizi na zabibu. Hiyo faida iko wapi jamani?

Jambo lingine, sisi wa mtandaoni hatufanani na mwenye kabati la vioo pale mtaani. Mteja wake anaiona skonzi kabla hajalipa. Wa kwetu analipa kwa simu kwanza, bodaboda inaleta baadaye. Alichonunua ni picha yako. Kama kwenye picha umepasua skonzi ikaonyesha zabibu kumi na kitu, halafu akafungua mfuko akakuta nne, hatakupigia kulalamika. Atanyamaza tu, na oda ya pili hautaiona. Sisi tunaishi kwa oda ya pili. Ya kwanza mtu anaweza kukuungisha tu kwa sababu mnafahamiana.

Kama unataka kubana matumizi, bana hapa:

1. Nunua mzani wa jikoni. Ukikata kwa macho, skonzi zinafika gramu 80 bila wewe kujua, na donge lilelile linatoa 13. Skonzi mbili za 700 zimekwenda, yani sh. 1,400. Ni zaidi ya mara mbili ya ile 600 uliyokuwa unaitafuta kwenye zabibu.

2. Loweka zabibu dakika 10 kwenye maji ya moto, chuja, kausha na kitambaa safi. Zabibu kavu ikiingia kavu inanyonya maji ya donge, na skonzi inakuwa ngumu mapema. Iliyolowekwa inabaki laini hata mtu akila kesho yake asubuhi na chai.

3. Zabibu zitie mwisho, ukishamaliza kukanda. Ukizitia mwanzo zinapondeka, donge linachafuka, na zabibu ulizolipia hazionekani.

4. Zinazotokeza juu zizamishe ndani kabla hujaoka. Za juu zinaungua na kuwa chungu. Oveni nyuzi 180, dakika 18 hadi 20 zinatosha kwa saizi hii. Wa mkaa, moto wa juu na wa chini uwe wa kiasi, na uangalie mara kwa mara.

5. Ukipenda mdalasini, tia kidogo. Ukizidi unapunguza nguvu ya hamira, skonzi haziumuki vizuri.

Najua hofu yenu: nikipandisha bei wateja watakimbia. Wengine wataondoka kweli, siwadanganyi. Ila hao tengenezea skonzi za kawaida zisizo na zabibu kabisa, ziite hivyohivyo, zipigie hesabu yake na uziuze bei ya chini. Hapo kila mtu anajua ananunua nini. Kibaya ni kuuza kitu cha katikati kwa jina la kitu kizima.

Ujumbe wa kupandisha bei usiwe mrefu, wala usiombe msamaha kama umeiba. Chukua huu:

"Habari mteja wetu. Kuanzia Jumatatu skonzi zetu za zabibu zitakuwa sh. 750 badala ya 700. Uzito na zabibu ni vilevile. Asante kwa kutuungisha."

Basi. Tuma siku tatu kabla, usimshtukize mtu akiwa ameshaagiza. Hiyo 50 uliyoongeza ni kubwa kuliko ile 40 ya kupunja, na usiku unalala.

Leo kabla hujaoka, pima skonzi zako tano bila kuchagua, halafu pasua moja uhesabu zabibu. Linganisha na picha uliyoweka kwenye stetasi. Kama zinalingana, uko vizuri, endelea. Kama hazilingani, badilisha kimoja leo hii: skonzi au picha.

Niandikieni hapo chini, kwenu zabibu kilo shilingi ngapi, na skonzi moja mnauza bei gani? Tusaidiane hesabu.