Saa haina mjomba, jaji anaye

MKENYA Philip Boit alipofika Nagano, Japan, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 1998, alishika nafasi ya mwisho. Alikuwa wa 92 katika mbio za kilomita 10 za kuteleza na mbao juu ya theluji. Bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye mstari wa mwisho na kumkumbatia.

Hakuna aliyenung'unika. Hakuna aliyesema Boit kaonewa, wala kwamba Dæhlie kabebwa. Kwa nini? Kwa sababu aliyehukumu ni saa, na saa haina mjomba, haina chama, wala haipigiwi simu usiku.

Sasa twende upande wa pili wa michezo hiyo hiyo, kwenye ule mchezo wa kucheza na kuteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye makali. Huko hakuna saa. Wapo watu wameketi kwenye viti na kalamu mkononi. Na palipo na watu, viti na kalamu, ndugu msomaji, mambo yake unayajua.

Februari 11, 2002, mjini Salt Lake City, Marekani. Ni fainali ya jozi, mwanamume na mwanamke. Warusi ni Elena Berezhnaya na Anton Sikharulidze. Wakanada ni Jamie Salé na David Pelletier. Hata katika kupasha misuli moto, Salé na Sikharulidze waligongana hadi watazamaji wakashika vichwa.

Warusi wakaingia uwanjani, wakacheza vizuri, lakini Sikharulidze akapepesuka alipotua kutoka kwenye mruko mmoja. Wakaingia Wakanada, wakamaliza bila kosa la kuonekana. Ukumbi mzima ukapiga kelele ukidai wapewe sita, ambayo ndiyo ilikuwa alama ya juu kabisa enzi hizo.

Majaji walikuwa tisa. Kura zikatoka tano kwa nne, Warusi wakachukua dhahabu. Majaji wa Urusi, China, Poland, Ukraine na Ufaransa waliwaweka Warusi mbele. Wa Marekani, Kanada, Ujerumani na Japan waliwaweka Wakanada mbele. Itazame hiyo orodha vizuri. Ukimwondoa Mfaransa, unaona ramani ya vita baridi, miaka kumi baada ya vita yenyewe kuzikwa!

Kura ya Mfaransa ndiyo iliyoamua, na hapo ndipo mbivu na mbichi zilipojulikana. Jaji huyo, Marie-Reine Le Gougne, alipobanwa hotelini baada ya shindano, aliangua kilio. Akasema alishinikizwa na mkuu wa chama cha mchezo huo nchini kwake, Didier Gailhaguet, awape Warusi kura. Malipo yake? Wafaransa nao wabebwe katika shindano la dansi ya barafuni. Nipe nikupe, biashara ya sokoni kabisa.

Baadaye mama huyo aligeuza maneno, akasema alipiga kura kwa dhamiri yake na kwamba Warusi ndio waliokuwa bora. Gailhaguet naye alikana. Lakini mwezi Aprili mwaka huo shirikisho la dunia la mchezo huo, ISU, liliwafungia wote wawili miaka mitatu, pamoja na kuwazuia kukanyaga Olimpiki ya 2006.

Kijiweni kwetu yupo jamaa mmoja ambaye hadithi hii haimgusi kabisa. Husema, "Wazungu wanaibiana wenyewe, sisi tunahusika nini? Barafu yenyewe tunaijua ya kwenye soda." Watu hucheka, nami hucheka nao. Lakini namwambia hivi: usitazame barafu, tazama mbinu. Mbinu ya kuiba haki haibadiliki kwa hali ya hewa. Na hao ndio wanaokuja kutufundisha namna ya kuhesabu kura!

Funika kombe

Siku nne tu baada ya shindano, Februari 15, rais wa ISU, Ottavio Cinquanta, na rais wa Kamati ya Olimpiki, Jacques Rogge, walitangaza dawa. Wakanada nao wapewe dhahabu. Warusi wabaki na yao. Picha zikapigwa, nyimbo za taifa mbili zikapigwa, watu wakatabasamu.

Hiyo kwa Kiswahili inaitwa funika kombe mwanaharamu apite. Kama kura ilinunuliwa, basi aliyenunuliwa kura alikuwa na mnunuzi, na mnunuzi alikuwa na mpango. Hayo yanataka uchunguzi wa kina, na hauwezi kumalizika kwa siku nne. Badala yake, kelele zilinyamazishwa kwa medali.

Na msidhani aliyeonewa ni Mkanada peke yake. Mfikirie Berezhnaya. Mwaka 1996, akiwa mazoezini na mwenzake wa zamani, makali ya kiatu yalimpasua fuvu la kichwa. Ilibidi ajifunze upya kuongea. Mtu huyo akarudi kwenye barafu, akafika kilele cha dunia, na leo kila anapotajwa, inatajwa na kura ya yule mama. Huenda alistahili dhahabu ile kihalali kabisa. Hatutajua. Wizi wa kura una ubaya huo: humnyima haki aliyeshindwa, na humnyang'anya heshima aliyeshinda.

Dawa kali kuliko ugonjwa

Baada ya aibu hiyo wakubwa walisema watarekebisha. Alama ya sita ikatupwa, ukaja mfumo mpya wa kuhesabu kila mruko na kila mzunguko kwa pointi, uliotumika Olimpiki ya Torino 2006. Hilo halikuwa baya. Lakini waliambatanisha na kioja: majina ya majaji yakafichwa. Alama zilionekana, ila nani katoa ipi haikujulikana. Eti jaji akijificha, hatashinikizwa.

Jamani! Mlinzi akishukiwa wizi, unazima taa ili asionwe na mwizi? Aliyetaka kumshinikiza jaji angeweza kumuuliza faragha. Aliyefungiwa nje ni mwananchi aliyekata tiketi na mwandishi aliyetaka kulinganisha.

Matokeo tuliyaona Sochi, Urusi, mwaka 2014. Msichana wa Kirusi, Adelina Sotnikova, alimshinda bingwa mtetezi Yuna Kim wa Korea Kusini. Miongoni mwa majaji alikuwapo Alla Shekhovtseva, mke wa kigogo wa chama cha mchezo huo nchini Urusi. Alikuwapo pia Yuri Balkov wa Ukraine. Huyu ni yule yule ambaye mwaka 1998 jaji wa Kanada, Jean Senft, alimrekodi kwenye simu akipanga nafasi za washindi wa dansi kabla ya shindano kwisha. Balkov alifungiwa mwaka mmoja, akarudi. Na Senft aliyefichua? Naye alifungiwa miezi sita, kwa madai kwamba aliwapendelea watu wa nchi yake!

Sisemi Sotnikova aliiba. Alicheza, na aliruka vizuri. Nasema hivi: kwa kuwa majina yalifichwa, hakuna awezaye kuthibitisha kwamba hakubebwa, wala kwamba alibebwa. Korea ililalamika, ISU ikatupa malalamiko. Giza lilifanya kazi yake.

Ilichukua hadi Juni 2016, kwenye mkutano mkuu wa Dubrovnik, Croatia, ndipo wanachama walipopiga kura kuondoa usiri huo. Miaka kumi na minne tangu Salt Lake! Na Gailhaguet? Alirudi kwenye kiti cha chama chake mwaka 2007, akakikalia hadi Februari 2020, alipong'olewa na kashfa nyingine, ya unyanyasaji wa kingono uliofanywa na makocha katika mchezo huo. Alikana kuwalinda, lakini alijiuzulu. Mwajua wenyewe kigogo akiangushwa na tawi, huota tena kwenye shina.

Vijana wenzangu, nawaachia maswali matatu ya kuuliza popote penye mashindano, iwe barafuni, uwanja wa mpira au penginepo mnapopajua. La kwanza, nani kamteua mwamuzi, na anakula kwa nani? La pili, uamuzi wake naweza kuuona kwa jina lake? La tatu, akipatikana na kosa, anaondoka moja kwa moja au anakwenda likizo?

Boit alikuwa wa 92 na alirudi nyumbani akiwa amesimama wima. Alishindwa mchana kweupe, mbele ya saa. Kushindwa namna hiyo hakumuumizi mtu. Tunachokataa ni kushindwa na simu iliyopigwa usiku, halafu asubuhi tuambiwe tupige makofi.